Taa ya Mzee Feruzi

Wifi yangu Tatu alinipigia simu nikiwa shambani Usinge, nimekaa kwenye turubai napura alizeti. Hakuanza na salamu. "Mama tumeshamzika jana," alisema. "Lakini wewe njoo." Tunaitana wifi mpaka leo, ingawa ndoa iliyotufanya wifi ilivunjika wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na unywele mweupe. Nikamuuliza nije kama nani, maana msibani kila mtu ana mahali pake pa kukaa, na mimi sikujua mahali pa mke aliyeachwa zamani ni wapi. Nikasikia sauti za watu nyuma yake, kisha akasema, "Njoo kama mtu uliyeishi humu ndani. Tumebaki wachache tunaoijua nyumba hii ilivyokuwa." Kesho yake nikapanda basi kwenda Tabora.

Nyumba bado ipo pale pale, upande wa mji wa zamani, kwenye njia inayoelekea Kwihara. Ilijengwa na babu yao kina Tatu, aliyekuja na misafara kutoka Ujiji akachoka kutembea, na kuta zake za udongo ni nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu yako haifiki nje. Nilikaa na wanawake uani, nikala nao wali wa msiba, nikamwona Shabani, aliyekuwa mume wangu, kwa mbali upande wa wanaume, mzee mwenye mvi na fimbo, tukainamiana vichwa. Ilipofika jioni Tatu akanionyesha mahali pa kulala. Kilikuwa chumba cha baba yake. Wamekitoboa dirisha kubwa upande wa ua na kukipaka rangi ya maziwa, na wajukuu wanafanyia humo kazi zao za shule. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Tatu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeshangazwa tu na mwanga. Akanielewa, akaniacha peke yangu.

Mwaka niliokaa humo nilikuwa bado sijatimiza ishirini. Shabani alikuwa dereva wa lori, na alinileta kutoka Usinge akaondoka na mzigo wa kwenda Mpanda hina ikiwa bado mbichi mikononi mwangu. Mama yake, Bi. Mosi, aliniweka chini siku hiyo hiyo akanieleza taratibu. Mke ambaye mumewe yuko safarini, alisema, hatoki ovyo. Sokoni ataenda Tatu. Bombani ni hapo uani. Harusini au msibani tutakwenda wote, na tutarudi wote. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha chumvi inakaa wapi na sukari inakaa wapi. Mlango wa mbele ulikuwa mzito, wa mbao za mninga, na ufunguo wake Bi. Mosi aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Alipoinama kuchochea moto niliusikia ukigonga jiwe la jiko. Nje ya mlango huo kulikuwa na baraza, na barazani wanaume walikunywa kahawa na kubishana, kengele za baiskeli zilipita, mtu aliuza mihogo ya kuchemsha, na mimi nilijua habari zote za mtaa bila kuujua uso wa mtu hata mmoja. Nilipoisikia treni ikipiga honi stesheni nilijua kama ni ile inayoshuka Dar es Salaam au ile inayopita kwetu. Ile inayopita kwetu ilikuwa inanikata pumzi kila mara.

Mwanzoni nilidhani ni jambo la wiki chache. Shabani atarudi, tutapanga chumba, nitapika chakula changu kwa sufuria yangu. Wiki zikawa miezi. Nilitwanga, nilifua, nilipepeta mchele, nilichambua mlenda, nilimenya viazi nikavianika juu ya paa la banda la kuni kupata michembe. Bi. Mosi hakunipiga wala hakunitukana. Ningependa niseme alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kuisimulia. Alinipa kanga nzuri, alinipakulia nyama kabla ya binti yake, na kila jioni alihakikisha mlango umefungwa. Nikiomba kwenda kuwasalimu watu wetu Usinge alijibu, "Mumeo akirudi mtakwenda." Hilo lilikuwa jibu la kila kitu.

Baba mkwe, Mzee Feruzi, alikuwa amepigwa na kiharusi kabla sijaolewa. Upande wake wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na mdomo ukavutwa. Alikuwa fundi bomba. Miaka mingi alitengeneza mabomba ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na watu barazani bado waliulizana nani sasa atamaliza koki inayovuja kwa fulani, maana Feruzi hawezi tena. Nilipoletwa bibi harusi nilipelekwa kumwamkia. Nilipiga magoti mlangoni nikasema shikamoo kwenye giza, na giza likanijibu kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Nilikimbia. Katika malezi yetu sisi Wanyamwezi mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima: hukai naye kitandani, huli mbele yake, hata jina lake hulitaji. Kwa hiyo nilishukuru kwamba Bi. Mosi na Tatu ndio waliomwogesha na kumlisha. Shukrani hiyo iliisha siku mgongo ulipomshika Bi. Mosi, naye Tatu alikuwa keshaposwa na ana safari za kwa fundi cherehani. Nikapewa bakuli la uji wa ulezi na kijiko. "Mgonjwa hana ukwe," Bi. Mosi alisema. "Nenda."

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi. Zamani kilikuwa na dirisha, lakini jirani alijenga ukuta wake ukalisogelea mpaka likaonekana tundu la kijivu tu. Saa sita mchana, jua la Tabora likiwa linapasua vichwa vya watu nje, humo ndani ulihitaji kupapasa. Kulikuwa na balbu juu, ila swichi ilikuwa kando ya mlango, mbali na kitanda. Bi. Mosi aliiwasha akiingia na kuizima akitoka, kama mtu anayefunga stoo. Chemli hawakumwachia, kwa sababu aliwahi kuipiga teke kwa mguu wake mzima ikaunguza mkeka. Nilikaa kwenye kigoda, nikageuza uso upande, nikanyoosha kijiko mahali nilipodhani mdomo upo. Uji mwingi uliishia shingoni. Alinguruma, akasukuma bakuli, uji ukanimwagikia miguuni. Nikalia kimya kimya na kufuta sakafu, nikajisemea kwamba sasa nina jela ndani ya jela.

Kila nilipoingia alisema kitu kimoja. "Ta," alisema. "Ta... ta." Mara ya kwanza nilimwita Tatu, nikidhani anamtaka bintiye. Tatu akaja, akamwangalia, akampangusa mate, akaondoka. Mzee akazidi kuhamaki. Baadaye nikawaza labda anaita tata, yaani baba kwa Kinyamwezi, na hilo likanitisha, kwani nimesikia wanaokaribia kufa huita wazazi wao. Nilimwambia Bi. Mosi. Akasema, "Huyo hafi leo, mpe uji wake." Kisha siku moja nilisahau kuzima balbu nikitoka. Niliporudi kuchukua bakuli nikamkuta ametulia kabisa, macho juu, anaitazama ile balbu kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Nikaweka mkono kwenye swichi. "Ta!" akasema kwa hofu. Nikaelewa. Nikasema, "Taa? Baba, unataka taa?" Yule mzee akafumba macho akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyekuwa akigonga mlango muda mrefu na hatimaye umefunguliwa.

Nilipeleka habari jikoni kama zawadi. Bi. Mosi hakuona ajabu yoyote. Taa ya nini kwa mtu asiyesoma wala kushona? Na ikiwaka mchana kutwa, umeme si utakwisha? Kesho yake balbu ikazimwa kama kawaida. Lakini mimi sasa nilijua, na mzee alijua kwamba najua, na hilo lilibadilisha kila kitu kati yetu. Niliacha kugeuza uso. Nilipomaliza kumlisha akanyoosha mkono wake wa kushoto chini ya kitanda na kuashiria. Nikavuta gunia zito lililolia kama minyororo. Ndani mlikuwa na vipande vya mabomba: elbo zilizopinda, tii zenye midomo mitatu, soketi za kuungia, vijibomba vifupi na virefu viitwavyo nipo, flenji moja kubwa kama sahani, koki ya shaba ya mtindo wa zamani yenye kishikio cha msalaba, na spana ya bomba yenye meno. Akavipokea kimoja kimoja, akavipanga kifuani pake juu ya shuka, akavipangua, akavipanga tena. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba ule mpango ulikuwa na umbo. Flenji chini, bomba limesimama, tii katikati, bomba tena, elbo juu inayoinamisha kichwa. Alikuwa anatengeneza taa. Alitaka taa ambayo mguu wake hautaiangusha, na ambayo swichi yake itakuwa pale mkono wake wa kushoto unapofika.

Fundi bomba anahitaji mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unakaza. Yeye alikuwa na mmoja, na ule mwingine ukawa wangu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, bomba nimelibana kati ya magoti, yeye amelala ubavu anazungusha spana. Au yeye anashika na mimi nazungusha. Vyuma vilikuwa na kutu, nikaviloweka kwenye mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, nikavisugua kwa mchanga nikiwa naosha masufuria ili asiniulize mtu. Alinifundisha kwa miguno. Mguno mfupi ulikuwa sawa. Mrefu ulikuwa anza upya. Nilipokaza kombo akanipiga kidole kwa kijiko, na mimi, niliyelelewa kutolitaja jina la mkwe, nikamwambia, "Baba, ukinipiga tena nakuacha na mabomba yako." Akacheka. Kicheko chake kilitokea upande mmoja tu wa uso, ila kilikuwa kicheko. Alidai kila kiungo kifungwe katani, kama desturi ya mabomba ya maji. Nikamwambia umeme hauvuji. Akanitazama kwa dharau, akaninyooshea fungu la katani. Tukafunga katani.

Bi. Mosi alitufumania bomba likiwa magotini mwangu na spana mkononi mwa mumewe. Alishika kiuno. "Haya ni mambo gani? Mkwe na mkwewe wanang'ang'ania vyuma! Watu wakisikia?" Nikainuka, nikaanza kukusanya. Mzee akapiga flenji kwa spana mpaka masikio yakauma. "Ta-a," akasema. Akameza mate, akajikaza, jasho likamtoka. "Ya... ngu." Bi. Mosi alimtazama muda mrefu. Sijui kama alikuwa amemsikia akisema neno zima tangu augue. Akageuka akaenda zake jikoni, na tangu siku hiyo alijifanya hajui tunachofanya, hasa baada ya kuona mgonjwa amekoma kumwaga uji.

Kuta za nyumba ile hazifiki kwenye paa. Zinaishia kwenye boriti, na juu yake kuna uwazi ambapo moshi, harufu ya vitunguu na maneno ya watu hupita vyumba vyote. Alasiri moja nilikuwa namsaidia mzee kupiga tupa ndani ya mdomo wa bomba. Alisisitiza hilo kuliko jambo lolote: ukingo ukiachwa mkali utachuna waya, na taa nzima ya chuma itampiga mtu shoti. Tulikuwa kimya gizani, balbu imezimwa kuokoa umeme, tupa imepumzika, yeye anapitisha kidole kukagua. Ukumbini Bi. Mosi na Tatu walikaa wakichambua mchele. Nikasikia Tatu analitaja jina langu, anasema, "Mama, na huyu Nyamizi tutamwambia lini? Kaka ana mtoto wa pili sasa kule Mpanda." Mchele ukaendelea kuchezacheza kwenye ungo. Bi. Mosi akajibu kwa sauti yake ile ile ya chumvi na sukari. "Tumwambie ili iweje? Akijua ataondoka. Wewe unaolewa, mimi mgongo huu. Baba yako nani atamlisha, mashuka nani atafua? Acha aendelee kungoja. Hapungukiwi kitu humu."

Watu husema habari mbaya inakupiga kama radi. Mimi haikunipiga. Ilikaa. Ilikuwa kama vile unaposukuma mlango ukidhani umekwama, kisha mtu akakuambia kwamba huo si mlango, ni ukuta uliochorwa. Nilifikiria mambo madogo kabisa: kwamba Tatu amelijua jambo hili siku zote tulizosukana nywele, kwamba ile nyama ya kwanza sufuriani ilikuwa mshahara. Nilifikiria kukimbia, nikaona mlango, komeo, ufunguo, kanga. Nilifikiria nikifika Usinge nitasema nini, wakati mwenye kuacha hajaniacha na hata hajasema lolote. Nilikuwa sijaachwa wala sijaolewa. Mzee naye alikuwa amesikia. Nilijua kwa sababu kidole chake kiliganda ndani ya bomba. Nikamnong'oneza, "Baba, ulikuwa unajua?" Gizani nilisikia kichwa chake kikisugua mto, huku na huku. Hakujua. Walikuwa wamemficha yeye vilevile, wakamzimia na habari kama walivyomzimia balbu.

Nadhani hapo ningeweza kulala chini nisiinuke. Badala yake nilikaza mabomba. Sijui kueleza vizuri zaidi. Kila kiungo nilikikaza kwa hasira mpaka mzee akaguna sawa, na mimi nikaongeza tena. Waya tuliupata kwenye pasi iliyoungua, na holda ya balbu kwenye stoo. Kuupitisha waya kwenye elbo kulikuwa kazi; tulifunga nati ndogo kwenye uzi, tukautikisa uzi ukashuka, kisha tukauvuta waya kama mtu anayevuta kamba kiunoni mwa suruali. Swichi ilikuwa fikra yake. Katika stoo kulikuwa na redio ya zamani iliyokufa, ya aina ile unayozungusha kitufe inalia tik na kuwaka. Tulikichomoa kile kitufe na swichi yake, tukautoa moyo wa koki, tukaificha swichi ndani ya tii, na kishikio cha koki tukakifunga kwenye kijiti cha swichi. Ukitazama kwa nje, ilikuwa koki tu imechomoza kwenye bomba. Mkono ambao haukuweza kubonyeza kitu kidogo uliweza kuzungusha koki, kwa sababu ulikuwa umezungusha koki maisha yote.

Tulichomeka alasiri. Nilitaka kuijaribu mimi kwanza, kwa woga wa shoti, akanisukuma mkono. Akashika kile kishikio cha msalaba, akafunga macho kama anayesikiliza maji yanakuja kutoka mbali, akazungusha. Tik. Chumba kikatokea. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo kilivyokuwa: balbu ya juu ilikuwa hafifu na ya wageni, lakini hii ilimwagika kitandani karibu, na kwa mara ya kwanza nikauona vizuri uso wa mtu niliyekaa naye karibu mwaka. Alikuwa na kovu kwenye nyusi. Alikuwa na macho mepesi, karibu ya asali. Na yeye akanitazama, akashangaa, akasema, "Mtoto." Maana alikuwa hajui kwamba mimi ni mdogo kiasi kile. Akazima. Akawasha. Akazima. Akawasha. Alicheza hivyo mpaka Bi. Mosi akaja mbio akidhani nyaya za nyumba zinaungua.

"Kaa," mzee akamwambia. Bi. Mosi akabaki amesimama, anaitazama ile taa ya mabomba. "Kaa, Mosi." Akakaa kwenye kigoda changu. Mimi nilitaka kutoka. Mzee akaguna mguno mrefu, nikabaki mlangoni. Kisha akasema, neno moja moja, kwa shida inayoumiza kusikiliza: "Shabani. Ana. Mke." Bi. Mosi akanigeukia haraka, akaona usoni kwangu kwamba najua, akarudi kwa mumewe. "Feruzi, wewe u mgonjwa, mambo ya watoto..." Tik. Akatuzimia. Kwenye giza lile, hata mimi niliyelizoea, nilihisi uzito wake. Bi. Mosi akasita katikati ya neno. Nadhani hakuwa amewahi kukaa humo bila kuwa na mkono kwenye swichi. Tik, taa ikawaka. "Huyu," mzee akasema, akininyooshea kidevu, "aende." "Akienda nani atakulisha?" "Wewe." "Mgongo wangu, Feruzi! Unataka nife?" Tik. Giza. Tukamsikia mzee akihema. Alipowasha tena Bi. Mosi alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Nimechoka," alisema. "Hakuna anayeniuliza mimi. Wewe umelala, mwanao amekimbia, binti anaolewa. Mimi ningefanya nini?" Mzee hakumzimia. Alimwacha alie kwenye mwanga, akamshika mkono. Nikatoka, kwani hayo hayakuwa yangu.

Bi. Mosi hakunifungulia mlango siku hiyo wala wiki hiyo. Alisema ndoa haivunjwi na maneno yaliyopita juu ya kuta, lazima mwenyewe aje. Mzee akaacha kula mpaka ujumbe upelekwe, na Bi. Mosi akajifunga baibui akaenda mahali malori yanapolala, akawaagiza madereva. Shabani alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, amebeba sabuni na kitenge kwa ajili yangu. Baba yake alimwita ndani, akawasha, akamtazama. Mimi nilisimama ukumbini. Nilimsikia Shabani akizungumza sana: barabara, tajiri wake, mvua, jinsi mambo yalivyotokea. Mwisho akasema, "Basi baba, nitamchukua. Nitakwenda naye Mpanda, watakaa wote, nyumba ni kubwa." Bi. Mosi akaniita. Nilidhani nitaulizwa na mtu, hakuna aliyeniuliza. Walinitazama tu, wote watatu, kwenye ule mwanga wa njano, na nikatambua kwamba nisiposema sasa nitapakiwa kwenye lori kama mzigo mwingine. Nikasema, "Siendi Mpanda. Naomba talaka yangu nirudi kwetu." Shabani akacheka kidogo, akamtazama mama yake amsaidie. Bi. Mosi alikuwa anautazama mkono wa mumewe uliokaa juu ya koki. Akasema, "Mpe, mwanangu."

Niliondoka na treni ya Kigoma. Bi. Mosi alifungua pindo la kanga yake mwenyewe, akafungua mlango, akasimama kando ili nipite, na nilipovuka kizingiti akanishika bega akasema, "Usituseme vibaya." Nikamwambia sitawasema. Kumuaga mzee kulikuwa kugumu zaidi. Nilipiga magoti mlangoni kama siku ya kwanza, nikasema shikamoo baba, na yeye akasema marahaba, wazi kabisa, kisha akaninyooshea mkono niondoke upesi. Ndani ya behewa nilikaa dirishani, nikaona Urambo, nikaona Kaliua, mashamba ya tumbaku, watu wamesimama na vikapu, na sikuwa na furaha niliyoitarajia. Nilikuwa nimetoka mimi tu. Kila tulipoingia kwenye kivuli cha msitu nilimwona mzee amelala kwenye kile chumba.

Baada ya mavuno nilirudi, na kibuyu cha asali. Nilijiambia nakwenda kusalimia tu na kugeuka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi mchana kweupe. Nilipiga hodi, Bi. Mosi akajibu kutoka uani kwa sauti ya mtu mwenye shughuli, "Pita, pita, mikono michafu!" Nikamkuta amechuchumaa kwenye jua, kanga ameifunga kifuani, grisi mpaka kwenye viwiko, amebana bomba kati ya magoti. Mbele yake, ameegemezwa kwenye kiti chenye mto, alikuwa Mzee Feruzi na spana yake. Nje! Ngozi yake ilikuwa imepata rangi. Pembeni palisimama kitu cha mabomba chenye miguu minne na vishikio viwili vilivyofungwa matambara, kirefu kumfika mtu kiunoni. "Ameniua na hili," Bi. Mosi akaniambia, kabla hata hatujaamkiana. "Kwanza kilikuwa kifupi, tukafungua. Kisha kikawa kinayumba, tukafungua. Sasa anataka kuongeza kitu huku chini, sijui magurudumu. Keti, mwanangu, uji upo jikoni. Mwambie wewe, labda atakusikia."

Mzee alinitazama kwa macho yake ya asali, akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Akaweka spana chini, akakishika kile chuma kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia Bi. Mosi akauweka mwenyewe kwenye kishikio na kuufunga kitambaa, akiwa bado ananung'unika. Akainuka. Alitikisika mwili mzima, nikakimbilia kumshika, Bi. Mosi akanizuia kwa kiwiko chake chenye grisi. "Mwache. Ukimgusa anakasirika." Akasukuma kile chuma mbele, akauvuta mguu wake, akasukuma tena. Akaingia ukumbini polepole, akapita chumba chake, akapita cha Tatu, sisi tukimfuata nyuma kama tunavyofuata mtoto anayeanza kutembea. Alikuwa anaelekea mlango wa mbele.

"Feruzi, unakwenda wapi?" Bi. Mosi akauliza.

"Sokoni," akasema.

Hakufika sokoni, wala hakufika barazani. Alifika kwenye kizingiti, akaegemea fremu ya mlango, akasimama hapo jua likimpiga usoni. Mtu wa baiskeli akapita, akasimama, akageuka, akapaza sauti, "Mzee Feruzi! Ni wewe?" Wengine wakatoka kwenye nyumba zao. Bi. Mosi alisema ataanguka, aletewe kiti. Nikaleta kiti. Hakukikalia. Tukasimama nyuma yake, mimi na mama mkwe wangu wa zamani, tukamwacha awaitikie watu salamu zao mpaka alipochoka mwenyewe.